Watu wa Maore hawakudanganywa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Makala yenu ya kurasa mbili kuhusu Mayotte, yaani Maore, kile kisiwa cha Komoro kilichobaki kwa Ufaransa, iliyotoka wiki mbili zilizopita, niliisoma mara ya kwanza kwa miwani ya dada yangu na mara ya pili kwa miwani yangu, nikakuta maneno ni yaleyale. Mwandishi wenu anasema watu wa kisiwa kile "walidanganywa" wakaukataa uhuru, na kwamba mwaka 2009 walipiga "kura moja" wakajiuza. Nikangoja wanaume wa baraza la hapa Malindi wamjibu, maana yupo mzee pale haipiti siku bila kuitaja Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Wiki ya pili imekwisha na wao bado wako kwenye Simba na Yanga. Basi nimeshika kalamu mwenyewe.

Mimi ni Mngazija wa Unguja. Babu yangu aliishi hapa na karatasi ya konseli wa Kifaransa, kwa sababu zama zile Wangazija wa Unguja walihesabiwa kuwa watu wa Ufaransa, si wa Sultani. Baba akawa kinyume chake kabisa. Miaka ya sitini alikuwa Dar es Salaam, akihudhuria mikutano ya MOLINACO, chama cha kuikomboa Komoro kilichokuwa na makao yake kulekule. Mwaka 1996 ikaja posa yangu kutoka Maore. Baba alinyamaza siku tatu, halafu akaniambia: "Mwanangu, visiwa vyote vinne, umekiona hichohicho?" Akaniozesha hata hivyo, Mungu amrehemu. Nimekaa Pamandzi, huko Maore, miaka 23, nimezaa kule, nimemzika mume wangu kule. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyapata kwenye mtandao.

Jina kwanza. Wenyewe wanasema Maore. Mayotte ni la Mfaransa.

Mama mkwe wangu sote tulimwita Koko, ndivyo wanavyomwita bibi kule. Alikuwa mmoja wa wale wanawake watekenyaji, waliopigania Maore ibaki na Ufaransa, ambao mwandishi wenu hakuwagusa hata kwa sentensi moja. Kiongozi wao alikuwa Zéna M'Déré, wa Pamandzi hiyohiyo. Katikati ya miaka ya sitini, waziri akija kutoka Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazidja, walikuwa wakienda kumpokea wamepaka liwa usoni, wamevaa saluva mpya, vazi la wanawake wa kule, wanaimba. Wakishamzunguka, huyu anamshika huku, yule anamshika kule, wanamtekenya mpaka waziri anachuchumaa na hotuba yake mkononi. Alipokuwa na miaka sita, mwanangu alimwuliza Koko walikuwa wakifanyaje. Yule bibi, na magonjwa yake ya magoti, alinyanyuka mkekani akamwonyesha: "Hapa, chini ya mbavu, si kwapani. Kwapani mtu anabana mkono." Akaongeza kwamba waziri mnene ndiye mwepesi zaidi. Sisi tulicheka, lakini yeye hakuwa akicheka. Wenzake waliingia jela kwa mambo hayo, na tarehe 13 Oktoba 1969 msichana mmoja, Zakia Madi, alikufa gatini Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, katika vurugu za kupambana na askari.

Mzizi wa ugomvi ni huu: mwaka 1958 ilikatwa shauri kwamba makao makuu ya visiwa vyote yatoke Dzaoudzi, kwa Wamaore, yaende Moroni. Ofisi zikahama moja baada ya nyingine miaka iliyofuata. Makarani wakaondoka, na mishahara yao ikaondoka nao. Koko alikuwa akiwapikia makarani wanne chakula cha mchana. Akabaki na sufuria. Ukimwuliza habari za siasa hakuanza na Jenerali de Gaulle, alianza na sufuria hiyo. Hofu yao ilikuwa Moroni na kisiwa cha Nzwani, ndugu wakubwa wenye watu wengi na sauti kubwa. Paris iko mbali, na kwa mdogo wa nyumba bwana wa mbali huonekana nafuu kuliko kaka aliye chumba cha pili. Unaweza kusema walikosea, baba yangu alisema hivyo mpaka anakufa. Lakini kukosea na kudanganywa ni vitu viwili.

Sasa tuhesabu hizo kura, maana "kura moja" imenikera.

Desemba 22, 1974, visiwa vyote vinne viliulizwa juu ya uhuru. Kwa jumla zaidi ya asilimia 94 walisema ndiyo. Maore peke yake zaidi ya asilimia 63 walisema hapana. Hapo ndipo penye fundo lote, na makala yenu imeliruka. Sheria iliyopitishwa Paris Novemba mwaka ule haikusema atakayeulizwa ni umma wa Komoro, ilitia neno hilo kwa wingi, kama kwamba kila kisiwa kina umma wake. Kwa Kifaransa tofauti ni herufi s mwishoni, ambayo hata haitamkwi. Moroni walisoma matokeo kwa jumla, Maore wakasoma kisiwa kwa kisiwa. Julai 3, 1975 bunge la Paris likapitisha sheria kwamba katiba mpya ikubaliwe kila kisiwa peke yake. Siku tatu baadaye Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya Moroni, akatangaza uhuru bila kungoja. Novemba Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne, na mpaka leo huko ndivyo inavyohesabiwa. Februari 6, 1976 jambo likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Siku mbili baadaye Maore wakaulizwa tena peke yao, na asilimia 99.4 wakataka kubaki.

Uchaguzi wa asilimia 99 na mimi huutilia shaka, nimekulia Unguja. Kwa hiyo tazameni kura ya miezi miwili baadaye, Aprili 11, 1976, ambayo haitajwi na mtu. Paris iliwauliza kama wanataka kubaki na hadhi ileile ya kuwa eneo la ng'ambo. Ndiyo au hapana, basi. Wao walitaka kuwa mkoa kamili kama mikoa mingine ya Ufaransa, na jibu hilo halikuwamo katika karatasi. Basi wakaenda na karatasi zao wenyewe. Koko alisema yake aliikunja mara nne akaificha chini ya kishali, na njia nzima alikuwa akiipapasa kama mtu aliyebeba hirizi. Kura zilipohesabiwa, karibu nne katika kila tano zilikuwa zimeharibika kisheria. Mtu aliyedanganywa hujibu alichoulizwa. Hawa waliulizwa swali moja wakajibu jingine.

Na hawakupewa. Walipewa hadhi ya muda ambayo haikuwa huku wala kule, nayo ikadumu karibu robo karne. Mwaka 2000 wakapiga kura tena, karibu asilimia 73 wakakubali hatua ya kuelekea mkoa. Mwaka 2003 jina la kisiwa likaandikwa ndani ya katiba ya Ufaransa yenyewe. Tena msisahau kwamba mpaka 2004 aliyetekeleza maamuzi ya baraza la kisiwa alikuwa prefeti anayeteuliwa Paris, ndipo kazi hiyo ikaenda kwa rais wa baraza aliyechaguliwa na watu.

Ndiyo tunafika 29 Machi 2009. Mimi sina kura kule, nilimpeleka Koko tu. Alitembea taratibu, anasimama kila penye kivuli. Masharti yalikuwa yameandikwa na kutangazwa miezi kabla: ukadhi wa kuhukumu utakwisha, ndoa mpya za wake wengi zitakwisha, kodi zitakuja, na mafao yatapanda pole pole kwa miaka zaidi ya ishirini, hayatakuja siku moja. Yalizungumzwa mpaka misikitini. Nilimwuliza njiani kama ameyasikia ya kadhi. Akaniambia, "Nimeyasikia. Kadhi hana ndege ya kivita ya kumzuia mtu wa Moroni." Asilimia 95.2 walisema ndiyo, ingawa waliojitokeza walikuwa 61 katika kila mia. Machi 31, 2011 Maore ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Na kama mwandishi wenu bado anaona ni ujinga wa kisiwa kimoja, atueleze habari ya Nzwani. Agosti 1997 watu wa Nzwani, waliopata uhuru wao kamili, walijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba kurudi. Paris ikawakatalia. Ugomvi ule ndio uliozaa katiba ya Komoro ya 2001, ya urais wa zamu kisiwa kwa kisiwa, na haukuishia hapo. Machi 2008 vijana wetu wa JWTZ, na Wasudani, walishuka Nzwani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Alikimbia kwa boti usiku, akatua Maore. Wiki ile nilikuwa Pamandzi, na mawifi zangu walinikalia jikoni wananihoji kama kwamba mimi ndiye mkuu wa majeshi: "Hao askari wenu wakimaliza Nzwani, wanakuja na huku?" Niliapa kwamba hawaji. Wakaendelea kunitazama.

Sasa nakuja upande wa mwandishi wenu, maana hasira zisiniondolee haki. Kura zote hizo zilikuwa zao. Yaliyofuata baada ya kila kura hayakuwa yao, na hapo ndipo makala ingechimba.

Chukueni majina. Sisi huku mtu anaitwa jina lake, la baba, la babu, na inatosha. Maore ilikuwa vivyo hivyo. Amri ya mwaka 2000 ikataka kila mtu awe na jina la ukoo lisilobadilika, akalichague mbele ya tume. Mume wangu na kaka zake wawili hawakwenda siku moja. Wa kwanza akachukua jina la baba yao, wa pili la babu, wa tatu akachukua lakabu ya mtaani ya baba yao kwa sababu ndiyo aliyojulikana nayo. Leo watoto wao, mtu na binamu yake, wana majina matatu, na kila karatasi ya mirathi inataka karatasi nyingine ya kuthibitisha kwamba wale watu watatu walinyonya ziwa moja. Koko mwenyewe alikaa na karani nusu saa nzima. Karani anauliza jina la ukoo, Koko anataja mama yake. Karani anarudia, Koko anataja nyanya yake. Kule nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia, kwa hiyo mtu akimwuliza ukoo yeye anaona milango ya nyumba za wanawake. Fomu haikuwa na nafasi hiyo.

Chukueni ukadhi. Mwaka 2010 ulikuwa mwaka wa katiba ukanda huu wote. Julai Wazanzibari waliulizwa juu ya serikali ya umoja wa kitaifa wakakubali. Agosti Wakenya wakapitisha katiba yenye Mahakama ya Kadhi, kifungu cha 170, baada ya mabishano makubwa. Na Juni mwaka huohuo, Maore, amri ya serikali kutoka Paris ikamvua kadhi kazi ya kuhukumu, akabaki msuluhishi. Watu waliikubali kanuni 2009, sikatai. Lakini jinsi ya kuhama kutoka huku kwenda kule hawakuiandika wao. Jirani yangu alikuwa na kiwanja alichoachiwa na mama yake kwa maneno, mbele ya kadhi na mashahidi wanne. Akatakiwa hati. Mashahidi watatu walikuwa wameshakufa na wa nne hasikii. Katika kisiwa chenye msikiti wa Tsingoni, ambao mihrabu yake ina maandishi ya mwaka 1538, ghafla ushahidi wa mdomo ukawa si kitu.

Mkoa mpya haukumaliza hata mwaka. Vuli ya 2011 kulikuwa na mgomo wa wiki sita juu ya ughali wa maisha, na moja ya mambo yaliyogombewa lilikuwa bei ya mabawa. Ndiyo, mabawa ya kuku, kule wanayaita kwa neno letu hilohilo, yanakuja yamegandishwa kwa meli na ndiyo mboga ya mnyonge. Nimeona watu wazima wakifunga barabara kwa ajili ya boksi la mabawa, nikasema hawa sasa ni Wafaransa kweli. Lakini shida haikuwa mzaha. Kwa hesabu za serikali yao wenyewe za 2018, asilimia 77 ya wakazi walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa.

Januari 2022 serikali ya Paris ilileta muswada wa kuiendeleza Maore. Baraza la mkoa lenye wajumbe 26, watu wanaopigana kila siku kama kuku, likasimama kitu kimoja likaukataa. Wote. Muswada ukawekwa kando, lakini lile wanalolitaka wao halikuletwa badala yake. Bungeni Paris wana wabunge wawili na maseneta wawili. Hesabu hiyo Wazanzibari hatuhitaji kufundishwa, ila mambo ya serikali mbili au tatu siyagusi leo, mume wa shoga yangu yumo humo.

Na uraia. Katiba yao inasema jamhuri ni moja haigawanyiki. Lakini mtoto wa wageni akizaliwa Mamoudzou, njia yake ya kuwa Mfaransa si sawa na ya aliyezaliwa Réunion au Marseille. Sheria ya 2018 ilitaka mzazi mmoja awe yupo kihalali miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa, na ya Mei 2025 ikataka wazazi wote wawili, mwaka mzima. Hapa nisimtupie lawama Mfaransa peke yake. Wamaore wengi waliidai sheria hiyo kwa maandamano, na mashemeji zangu wamo. Ndipo tulipotofautiana mimi na wao, na hatujapatana mpaka leo. Nzwani ni kilomita 70 tu. Kabla ya viza ya 1995 shangazi yake mume wangu alikuwa akivuka na kapu la karafuu akirudi na vitambaa, na hakuna aliyemwita mgeni. Baada ya viza, watu walewale wakawa wanavuka usiku kwa vile viboti vya kwassa-kwassa, na bahari ile imekula watu wasiohesabika. Mtoto wao anakaa dawati moja na mwanangu, anaitwa majina yaleyale, anaambiwa si wa hapa. Walioogopa kutawaliwa na jirani sasa wanaogopa jirani akizaa.

Desemba 14, 2024 kimbunga Chido kikapita. Mwanangu alinipata kwa simu siku ya nne. Paa lilikuwa limekwenda, na friji imekutwa kwa jirani wa tatu. Mlango wa mbele umebaki umesimama na fremu yake, anasema kila asubuhi anaufungua kwa ufunguo kwa mazoea. Agosti 2025 ikatoka sheria ya kuijenga upya Maore, inayoahidi mafao yalingane na ya Ufaransa ifikapo 2031. Rasimu yake ilikuwa na kifungu cha kurahisisha kutwaa ardhi za watu. Wabunge wa Maore wakakipinga, kikatolewa. Mwanangu alinisomea habari hiyo kwenye simu kwa furaha kuliko habari ya mafao, na mimi nilimwelewa, kwa sababu nilimkumbuka jirani yangu na shahidi wake asiyesikia.

Koko alikufa 2016, hakukiona kimbunga wala sheria hizo. Sijui angesema nini. Kila nikilalamika juu ya prefeti alikuwa akiniuliza kama namtaka waziri wa Moroni badala yake, nami nikinyamaza anageukia mchele wake. Nadhani sasa ningekuwa na jibu.

La mwisho, Mhariri. Ile picha kubwa juu ya makala, iliyoandikwa chini "Mamoudzou, Mayotte", ni Msikiti wa Ijumaa wa Moroni. Nguzo zake nyeupe zile na bandari mbele yake hata mtoto wa Kingazija anazijua. Kati ya picha zote duniani mmewawekea Wamaore ile ya Moroni. Tafadhali sahihisheni toleo lijalo. Koko angekuwa hai angepanda ndege mpaka Unguja, angeuliza chumba cha habari kiko wapi, na nyinyi mngempokea kwa heshima kwa sababu ni bibi wa watu, mngempa kiti.

Mkwe wa Maore,
Malindi, Unguja